Stesheni ya Orsay mjini Paris: ilikufaje, ikafufukaje, na sisi wa Tanga tunajifunza nini?

MwanaNgamiani ameuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Juzi baada ya sala ya alasiri tulikuwa barazani kwetu Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, tukinywa kahawa, kijana mmoja akatuonyesha kwenye simu yake picha ya ukumbi mkubwa ajabu, wenye paa la vioo lililopinda kama jahazi lililofudikizwa, na mwishoni mwake saa kubwa yenye mapambo ya dhahabu. Akasema hayo ni makumbusho ya sanaa mjini Paris. Mzee mmoja ambaye ujana wake wote uliishia kwenye mabehewa ya mkonge akaitazama picha ile kwa muda, kisha akasema kwamba hiyo ni stesheni ya treni, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayetundika saa ya ukubwa ule mahali ambapo hakuna mtu anayechelewa. Ubishi ukawa mkali, wakaahidiana kwamba atakayeshindwa atawanunulia watu wote wa baraza kahawa na kashata, na mimi kwa kuwa ni mwalimu wa historia nikakabidhiwa uamuzi.

Nimesoma kiasi nikaona kwamba wote wawili wamesema kweli. Jengo hilo ni stesheni iliyoitwa Gare d'Orsay, ilifunguliwa mwaka 1900, na tangu mwaka 1986 ni Makumbusho ya Orsay. Lakini yapo mambo yanayonitatiza. Nimesoma kwamba stesheni ile ilifanya kazi miaka 39 tu, kisha ikaachwa. Inawezekanaje kampuni itumie fedha nyingi kiasi kile kwa jengo litakaloishi umri mfupi kuliko ukuta wa nyumba ya udongo wa bibi yangu? Tena, baada ya treni kuondoka, ni nani aliyezuia lisibomolewe? Na je, mtu anaanzia wapi kugeuza mahali pa treni kuwa mahali pa picha za kuchora?

Siulizi kwa ajili ya kahawa peke yake. Kila ninapovuka reli kutoka Ngamiani kwenda mjini huitazama stesheni yetu, ambayo haina tena ule msongamano wa abiria tuliosimuliwa na wazee, nikajiuliza kama hadithi ya Orsay ina neno lolote la kutuambia.


Mstaafu wa Reli amejibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Huyo mzee wenu ana jicho la kazi. Mimi nilikuwa upande wa uendeshaji wa treni kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza kwa urefu, na hayo mengine nitawaachia wenye elimu yake.

Ili uelewe kwa nini stesheni ile ilizeeka upesi, inafaa uelewe kwanza kwa nini ilijengwa. Kampuni ya reli ya Paris na Orléans, iliyohudumia upande wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, ilikuwa na stesheni yake kuu Austerlitz, kando ya mto Seine lakini mbali na kitovu cha jiji. Abiria aliyetoka Bordeaux aliteremka huko, kisha akaanza safari nyingine ya kuingia mjini. Maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1900 yalipokaribia, kampuni ikapata kiwanja katikati kabisa ya jiji, ng'ambo ya mto kutoka kwenye bustani ya Tuileries na jumba la Louvre. Hapo palikuwa na magofu ya Palais d'Orsay, jumba la serikali lililochomwa moto mwaka 1871 katika maasi ya Komuni ya Paris, na magofu hayo yalikuwa bado yamesimama karibu miaka 30 baadaye.

Reli ikarefushwa takriban kilomita 4 kufuata ukingo wa mto, sehemu kubwa ikipita chini ya ardhi, na hapo ndipo penye utamu wa hadithi kwa mtu wa reli. Garimoshi la makaa haliwezi kuingia kwenye handaki lenye stesheni ndani yake bila kuwafukiza abiria kama samaki wa kubanika. Kwa sababu hiyo treni ilipofika Austerlitz kichwa cha mvuke kilifunguliwa, kikafungwa kichwa cha umeme, nacho ndicho kilichoivuta hadi Orsay. Kwa mwaka 1900 hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Kwa kuwa hapakuwa na moshi wala masizi, msanifu Victor Laloux aliweza kuunganisha ukumbi wa abiria na ukumbi wa treni chini ya paa moja, akaupamba kwa maua ya plasta ambayo katika stesheni ya kawaida yangekuwa meusi kabla ya mwaka kwisha.

Vipimo vyake si vya kitoto: ukumbi una urefu wa mita 138, upana wa mita 40 na kimo cha mita 32, na chini kulikuwa na njia 16 za treni. Kulikuwa na lifti za abiria, mitambo ya kupandisha na kuteremsha mizigo, na hoteli ya vyumba 370 iliyoshikamana na stesheni yenyewe. Chuma kilichotumika kilifikia tani 12,000, yaani kingi kuliko chuma cha mnara wa Eiffel, ila Laloux alikificha chote nyuma ya kuta za mawe ili stesheni isije ikaonekana karakana mbele ya Louvre. Kazi yote ilichukua miaka miwili, na stesheni ikafunguliwa tarehe 14 Julai 1900. Mchoraji mmoja wa wakati ule, Édouard Detaille, alitania kwamba stesheni imefanana na jumba la sanaa, na jumba la sanaa lililojengwa kwa ajili ya maonyesho limefanana na stesheni, basi afadhali wabadilishane mapema. Alisema mzaha, ikawa kama ameagua.

Sasa kilichoiua. Watu wengi hudhani ni vita au uchakavu, kumbe ni urefu wa jukwaa. Stesheni ilibanwa kati ya mto na mitaa ya jiji, kwa hiyo majukwaa yale hayakuwa na mahali pa kuongezewa hata mita chache. Wakati huohuo nyaya za umeme zilikuwa zikisogea mbele. Kufikia mwaka 1926 zilikuwa zimevuka Orléans hadi Vierzon, vichwa vikawa na nguvu zaidi, na treni zikarefuka. Ikafika siku treni ikazidi jukwaa. Mwaka 1939 treni za safari ndefu zikarudishwa kuishia Austerlitz, palepale zilipokuwa kabla ya mambo yote hayo. Umeme ndio uliomwezesha Laloux kujenga stesheni ile, na umeme huohuo ndio ulioipita.

Sisi tuliofanya kazi ya uendeshaji tulikuwa na msemo kwamba jengo ni la wapiga picha. Stesheni ya kweli ni urefu wa jukwaa na urefu wa njia ya kupishania treni. Hivyo viwili vikipungua, hata ukiweka dhahabu kwenye saa haitakusaidia.


BintiChumbageni amejibu:

Shikamoo Mzee Mstaafu. Maelezo yako kuhusu majukwaa nimeyapenda sana, ila naomba nirekebishe neno moja la Mwalimu, kwa kuwa nadhani neno hilo ndilo linaloficha sehemu muhimu ya hadithi. Mwalimu amesema stesheni ile "ikaachwa" mwaka 1939. Haikuachwa. Treni za safari ndefu ndizo zilizoondoka. Treni za vitongoji vya Paris ziliendelea kuingia chini yake, na jengo la juu likapata wapangaji wa kila namna, wengine wa ajabu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa kituo cha kupelekea vifurushi vya wafungwa wa vita. Mwaka 1945 likawa mahali pa kuwapokea wafungwa hao waliporudi kutoka Ujerumani. Tarehe 19 Mei 1958 Jenerali Charles de Gaulle aliitisha waandishi wa habari katika ukumbi wa hoteli ya stesheni hiyo, akawaambia yuko tayari kushika tena madaraka. Watengenezaji wa filamu walilitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la tamthilia la Madeleine Renaud na Jean-Louis Barrault liliweka jukwaa lake ndani ya ukumbi uleule wa treni, na madalali wa mnada nao wakahamia humo wakati nyumba yao ya kawaida, Hôtel Drouot, ilipokuwa ikijengwa upya. Hoteli yenyewe haikufungwa hadi tarehe 1 Januari 1973. Hebu fikirini: hakuna hata mmoja kati ya wapangaji hao aliyekuja kwa sababu ya mapenzi ya urithi. Kila mmoja alitaka nafasi yenye paa. Lakini jengo lenye watu ndani huzibwa linapovuja, na lisilo na watu huvuja hadi linaanguka, na kwa maoni yangu miaka hiyo 38 ya upangaji wa hovyo, kutoka 1939 hadi 1977, ndiyo iliyolifikisha jengo salama mikononi mwa waliokuja kulipenda.

Kuhusu kubomolewa, ilibaki kidogo sana. Shirika la reli la taifa liliamua kuliuza mwaka 1961, na katika miaka iliyofuata ikaletwa michoro ya hoteli kubwa mpya ya kujengwa mahali pake. Mwaka 1970 kibali cha kubomoa kilikuwa kimetolewa. Kilichogeuza mambo hakikutokea Orsay. Mwaka 1971 jiji la Paris lilibomoa masoko ya Les Halles, mabanda makubwa ya chuma na vioo yaliyosanifiwa na Victor Baltard katika karne ya 19, na wananchi walipoona vifusi vyake ndipo wakashtuka kwamba usanifu wa karne ile, ambao wataalamu wengi walikuwa wakiudharau, ulikuwa unatoweka mbele ya macho yao. Jacques Duhamel, aliyekuwa Waziri wa Utamaduni, akaikataa michoro ya hoteli mpya. Tarehe 8 Machi 1973 stesheni ikaingizwa kwenye orodha ya nyongeza ya majengo ya kihistoria, na mwaka 1978 ikapewa hadhi kamili ya jengo la kihistoria. Kati ya tarehe hizo mbili, tarehe 20 Oktoba 1977, serikali chini ya Rais Valéry Giscard d'Estaing ilikuwa imeshaamua kwamba pale patakuwa makumbusho.

Mambo ya namna hiyo yalitokea New York vilevile. Stesheni yao ya Pennsylvania ilianza kubomolewa mwaka 1963, mwaka 1965 jiji likatunga sheria ya kulinda majengo ya kihistoria, na sheria hiyo ndiyo iliyoinusuru stesheni jirani ya Grand Central pale Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi yake mwaka 1978. Inaelekea miji haijui thamani ya stesheni mpaka izike moja kwanza.


Fundi wa Makorora amejibu:

Swali la tatu la Mwalimu, la kugeuza mahali pa treni kuwa mahali pa picha, ni la kwetu sisi wajenzi, nami nitalijibu kadiri ninavyolielewa.

Tatizo la kwanza lilikuwa ukubwa wenyewe. Ukumbi wa mita 32 kwenda juu unaifaa treni, lakini picha yenye upana wa dhiraa moja ukiitundika humo itaonekana kama stempu kwenye mlango wa ghala. Mwaka 1979 kundi la wasanifu watatu, Bardon, Colboc na Philippon, walishinda shindano kwa pendekezo la kuacha ukumbi wa Laloux uonekane wote kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuongeza ndani yake mita za mraba 20,000 za sakafu mpya katika ghorofa nne. Kazi ya ndani akapewa Gae Aulenti, mwanamke msanifu kutoka Italia. Yeye alifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye busara angekifanya katika nyumba ya watu: hakugusa paa wala nguzo, bali alijenga vyumba vya mawe kushoto na kulia kwa mfano wa nyumba ndani ya nyumba, akaacha katikati njia pana palipokuwa na treni. Mgeni akiingia leo hushuka ngazi, na huko chini anakotembea kati ya sanamu ni usawa ambao zamani ulikuwa wa reli. Wapo waliomlaumu kwamba mawe yake ni mazito na yanafanana na makaburi ya kifalme. Binafsi nikitazama picha naona lawama hiyo ina ukweli kidogo, lakini angalau hakujaribu kuiga mapambo ya Laloux, na mtu anaweza kutofautisha kazi ya mwaka 1900 na ya miaka ya 1980 bila kuuliza.

Picha za kina Monet, Renoir na Degas ziliwekwa juu kabisa, chini ya paa, ambako mwanga hutoka juu. Saa kubwa zilizotazama mto zikaachwa mahali pake, na mgeni huweza kusimama nyuma ya kioo cha saa akauona mto na jiji kupitia katikati ya mishale. Ukumbi wa chakula wa hoteli ukawa mgahawa wa makumbusho. Sanamu za nje zinazowakilisha Bordeaux, Toulouse na Nantes, miji ambayo treni zile zilikuwa zikienda, bado zimekaa juu ya ukuta kama watu wanaosubiri treni iliyofutwa. Rais François Mitterrand alizindua makumbusho tarehe 1 Desemba 1986, na watu wakaanza kuingia tarehe 9. Miaka hii hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka.

Ninyi mnaofikiria majengo ya Tanga, nawaomba msidanganyike na chuma na vioo vya Paris. Adui yetu hapa ni upepo wa chumvi, unaokula bati na misumari, na baada ya huo ni fundi mwenye haraka anayechukua ukuta wa mawe na chokaa akaupiga lipu ya saruji. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani. Baada ya masika mawili utaona ukuta umevimba, rangi inabanduka, na mwenye nyumba anasema jengo limezeeka, kumbe limezibwa pumzi.


Mtu wa Pongwe amejibu:

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona mnaelekea mahali ambapo sitaki twende, yaani kwenye pendekezo la kugeuza stesheni ya Tanga kuwa makumbusho.

Tuangalie kwa nini Orsay ilifaa. Serikali ya Ufaransa tayari ilikuwa na tatizo lililohitaji jengo. Picha za wachoraji wa nusu ya pili ya karne ya 19 zilikuwa zimesongamana katika jumba dogo la Jeu de Paume, Louvre ilikuwa na sanaa ya zamani zaidi, na Kituo cha Pompidou kilichofunguliwa mwaka 1977 kilichukua sanaa ya karne ya 20. Palikuwa na pengo katikati, takriban kutoka mwaka 1848 hadi 1914, na stesheni ya mwaka 1900 ikalijaza pengo hilo kama kifuniko kilichopata chungu chake. Sisi tukisema makumbusho, tunataka kuweka nini humo? Mambo ya kale ya mji wetu tayari yana nyumba yake katika boma la zamani la Wajerumani, inayotunzwa na watu wa Urithi, na sidhani kwamba nyumba hiyo imefurika wageni hata tuhitaji ya pili.

Kuna mfano mwingine unaotufaa zaidi, nao unawahusu Wajerumani walewale waliotuletea reli. Jijini Berlin kulikuwa na stesheni ya treni za kwenda Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1846 na kufungwa mwaka 1884, baada ya miaka 38, karibu sawa na Orsay. Maana yake ni kwamba walipoanza kutandika mataruma hapa Tanga mwaka 1893, kwao walikuwa tayari na stesheni kuu iliyokwisha kazi. Mwaka 1906 waliigeuza kuwa makumbusho ya uchukuzi na ujenzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jengo hilo likajikuta liko Berlin Magharibi, lakini mwenye mamlaka juu yake ni shirika la reli la Mashariki, kwa hiyo likafungwa na vitu vyake ndani kwa takriban miaka 40, hadi lilipokabidhiwa upande wa Magharibi mwaka 1984. Makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyopo sasa yalifunguliwa mwaka 1996. Jengo lilikuwepo, vitu vilikuwepo, mji tajiri ulikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali la nani ana ufunguo. Kabla hatujachora chochote kuhusu stesheni yetu, swali hilo la ufunguo ndilo la kuanzia. Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 humpa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu ya taifa, lakini tangazo halimlipi mlinzi wala haliezeki paa.

Na niseme wazi: mimi nataka treni, si picha za treni.


Mstaafu wa Reli amejibu:

Marahaba binti yangu wa Chumbageni, na nimekubali rekebisho lako. Mtu wa treni ndefu husahau treni fupi.

Ndugu wa Pongwe, kuhusu hilo la mwisho tuko pamoja, lakini hujalazimika kuchagua. Chini ya Makumbusho ya Orsay treni bado zinapita. Mwaka 1979, wakati wasanifu wanashindania jengo la juu, njia ya chini iliunganishwa na stesheni ya Invalides ikawa sehemu ya treni za mjini na vitongojini, na leo abiria huteremka kwenye kituo kinachoitwa Musée d'Orsay. Yaani stesheni iliyokuwa mwisho wa reli iligeuka kuwa kituo cha kupita, na kwa kuwa treni haikai tena hapo kugeuza kichwa, jukwaa fupi halikuwa tatizo kubwa kama zamani.

Sasa tazama yetu, maana hadithi yake imekwenda kinyume. Reli ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, na kampuni ikaishiwa fedha hata serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Muda wote huo Tanga ndiyo iliyokuwa kichwa cha reli: kila robota la mkonge na kila gunia la kahawa la Kilimanjaro lililoelekea melini kwa njia hii lilipita hapa. Novemba 1914 askari wa Kijerumani walioteremshwa kwa treni kutoka upande wa Moshi ndio waliowahi kuuzuia mji usitekwe na jeshi la Waingereza lililotoka India. Kisha mwaka 1963 ukafunguliwa mkono wa Ruvu hadi Mnyusi, uliounganisha reli yetu na Reli ya Kati. Ulikuwa mradi mzuri kwa taifa, sina ugomvi nao. Lakini tangu siku ile treni iliweza kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi bila kuiona bahari ya Tanga, na treni ya abiria iliyorudishwa Desemba 2019 hupita njia hiyohiyo, Mnyusi na Korogwe, ikatuacha upande.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukitafuta jukwaa fupi la Tanga usilitafute stesheni. Liko Mnyusi. Jengo letu halikushindwa kuipokea treni. Treni ndiyo iliyopata njia nyingine. Ndiyo maana naona anayetaka kulihifadhi jengo na anayetaka treni irudi wanapigania kitu kimoja, kwani hata treni fupi ya Korogwe na Tanga, ya mabehewa manne matano, ingelitia jengo uhai kuliko kibao chochote cha kumbukumbu. Mpaka itakapokuja, wapangaji wa hovyo wa Binti Chumbageni wanatosha: darasa la ushonaji, ofisi ndogo, duka la vitabu, chochote chenye mtu wa kuona tone la kwanza paa linapovuja.


MwanaNgamiani amejibu:

Ahsanteni nyote, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimekuwa nikifundisha kwamba reli ya Ruvu na Mnyusi ilikuwa faida tupu, na sijawahi kuwauliza wanafunzi ilimaanisha nini kwa mji wanaoishi. Wiki ijayo nitawauliza, kisha nitawapeleka wakaitazame stesheni kwa macho yao, tukipata ruhusa.

Jana nilisoma majibu yenu barazani kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana alifurahi kusikia kwamba ni makumbusho, mzee alifurahi zaidi kusikia kwamba treni bado zinapita chini yake, na muuza kahawa akaamua kwamba kwa kuwa wote wamesema kweli, basi walipe nusu kwa nusu. Mzee amekataa. Anasema hatatoa hata senti mpaka ajibiwe swali moja ambalo mimi sikuliuliza: ile saa ya ndani, ya dhahabu, bado inafuata majira au imesimama? Anadai kwamba ikiwa inakwenda, basi pale bado ni stesheni na yeye ndiye mshindi. Aliyewahi kufika naomba amjibu upesi, maana muuza kahawa ameanza kuniangalia mimi.